Waliita utani: kisa cha mtoto mmoja, foleni ya chakula na fomu ya shule

Kabla ya kuanza

Mi ni msaidizi wa darasa kwenye shule moja ya sekondari ya serikali kaskazini mwa England, ila kwetu ni Tanga. Naandika kisa hiki kwa ajili ya wenzangu mnaofanya kazi mashuleni huku nje, wasaidizi, wapishi, wa mapokezi, mnaoitwa kutafsiri hata kama siyo kazi yenu, na wazazi pia. Majina yote nimeyatoa, umri na siku nimezisogeza kidogo, na mtoto mwenyewe na mama yake wamekubali niandike. Herufi K. ninayotumia siyo ya jina lake.

Mazingira

K. alikuwa na miaka 12. Amezaliwa Nyarugusu, ile kambi ya kule Kigoma iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, wazazi wake wametokea Kivu ya Kusini. Nyumbani wanaongea Kiswahili. Kingereza chake cha mdomo kilikuwa kizuri tu, cha kuandika ndo kilikuwa bado, na mimi nilipangiwa kukaa naye kwenye masomo matatu. Mama yake Kingereza cha dukani anakiweza, cha barua za shule hapana.

Shule ni kubwa, watoto weusi ni wa kuhesabu. Kuna mambo mawili kuhusu shule yenyewe lazima myajue mapema maana bila hayo kisa hakieleweki. La kwanza, kantini inaendeshwa na kampuni ya nje, kwa hiyo wale kina mama wanaogawa chakula siyo waajiriwa wa shule, hawahudhurii semina zetu na hawana paswedi ya ile sistimu ya kompyuta tunayoandikia matukio. La pili, kantini hawapokei hela mkononi, mtoto anaweka kidole kwenye mashine na sistimu inarekodi kachukua nini saa ngapi. K. alikuwa kwenye chakula cha bure, anawekewa kiasi cha siku na asipokula siku hiyo kinapotea.

Sera ya kupinga ubaguzi ilikuwepo, imeandikwa vizuri tu na iko kwenye tovuti. Na kwenye fomu ya matukio kuna kiboksi cha kutiki kwamba tukio ni la ubaguzi wa rangi. Ila ukikitiki inafunguka fomu ya pili, ndefu, na mwalimu mwenye vipindi vitano kwa siku anajua hilo vizuri sana.

Kilichotokea

Ilianzia kwenye foleni ya chakula. K. alichukua ndizi kama watoto wengine wanavyochukua, na wavulana watatu wa mwaka wake wa masomo waliokuwa nyuma yake wakaanza kutoa sauti za nyani, ile huu-huu-huu ya chini chini. Mmoja wa wale kina mama wa kantini alisikia, akawaambia jamani basi, songeni mbele. Wakasonga. Kesho yake wakarudia. K. akaacha kuchukua ndizi, basi wakawa wanatoa sauti hata akichukua mkate. Akaacha kuja kantini kabisa.

Hakuna mtu mzima aliyejua kwamba ameacha kula. Mimi nilikuwa namuona kipindi cha mchana kichwa kiko kwenye meza, nikadhani halali usiku, nikamuuliza akasema yuko sawa anti, nikaendelea na kazi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza na ni la kwangu.

Ikaenda karibu wiki tatu. Siku moja, chumba cha kubadilishia nguo baada ya michezo, mmoja wa wale watatu akamnyooshea simu usoni, klipu ya nyani imewekewa jina la K. juu yake. K. akamsukuma. Yule mwenzake akaangukia benchi, mdomo ukapasuka, damu ikaonekana, na mwalimu wa michezo akaingia wakati huo huo. Kwahiyo alichokiona mwalimu ni mtoto mmoja mweusi amesimama na mtoto mmoja mweupe yuko chini anatoka damu.

Ripoti aliyoandika ilikuwa na sentensi mbili. Kwamba kulikuwa na banta (banter, neno la Kingereza la kutaniana) kati ya wavulana, na kwamba K. akamshambulia mwenzake. Kiboksi hakikutikiwa. K. akasimamishwa shule siku mbili. Wale watatu wakaambiwa simu haziruhusiwi.

Saa nane mchana nikaitwa ofisini nimpigie mama yake nimtafsirie. Naibu mkuu anaongea, mimi natafsiri. Akafika kwenye lile neno, banta. Sikufikiria hata sekunde mbili, nikasema, "Mama K., walikuwa kwenye utani tu, K. akakasirika akampiga mwenzake."

Kimya kidogo, alafu yule mama akasema, "Sikumulea ivyo, mwalimu. Munisamehe." Aliomba msamaha. Mama mzima, mwanawe ameonewa wiki tatu, anaomba msamaha kwa shule kupitia mdomo wangu.

Siku mbili zikaisha K. akarudi. Nikakaa naye kama kawaida, hakuongea. Siku ya pili, tuko kwenye maktaba tunasoma aya moja ya historia, ananyoosha karatasi kwa kiganja, anainyoosha tena na tena ijapokuwa haina mkunjo, akasema bila kuniangalia, "Anti, wewe ndo ulimwambia mama ni utani."

Nikamuuliza kwani haikuwa utani? Akaniambia yote, kuanzia ndizi.

Maamuzi, na kwa nini

Kitu cha kwanza nilitaka kwenda moja kwa moja kwa wale wavulana. Sikwenda. Siyo kwa sababu ya woga, ni kwa sababu ningewahoji mimi kila walichosema baadae kingeonekana nimewalisha, na K. ndo angeumia.

Nilichofanya, niliandika maneno ya K. kama alivyoyasema, kwa Kiswahili kwanza na Kingereza chini yake, tarehe na saa. Sikuandika alifanyiwa vitendo visivyofaa. Niliandika sauti za nyani, nani alikuwa wapi, ndizi. Nawaomba sana hapa, tukiandika kwa lugha ya adabu tunafuta tukio, maana mtu wa tatu akisoma "lugha isiyofaa" anafikiria tusi la kawaida la watoto.

Alafu nikaenda kantini. Yule mama wa kantini akanitazama akasema nilijua utakuja. Alikuwa amesikia siku nne tofauti, lakini yeye aandike wapi? Hana paswedi. Alimwambia msimamizi wake, msimamizi wa kampuni akasema hayo mambo ni ya shule. Akakubali kutoa maelezo kwa mkono wake, karatasi moja, nikaisaini kwamba nimeipokea. Na ni yeye aliyenipa wazo la mashine ya kidole. Tukaomba rekodi: siku 13 za shule mfululizo bila chakula cha mchana. Mtoto wa chakula cha bure, siku 13. Mi nadhani ile karatasi ya mashine ndo iliyobadilisha kila kitu, kuliko maneno yetu wote.

Hayo yote nikayapeleka kwa mwalimu anayehusika na usalama wa watoto, sikumpelekea naibu mkuu, kwasababu naibu ndo alikuwa ameshaamua na mtu akishaamua inakuwa vigumu kumuomba aamue tena mbele yako. Naibu akaitwa. Hoja yake haikuwa ya kijinga, nisimwonee. Alisema kusukuma kumetokea, kamera ya koridoo imeonyesha yule mtoto anatoka anavuja damu, na hatuwezi kusema ni ubaguzi mpaka tuthibitishe.

Hapo ndo ilibidi turudi kwa Stephen Lawrence. Kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa London usiku wa tarehe 22 Aprili 1993 akiwa anasubiri basi, polisi wakavuruga uchunguzi, na ripoti ya 1999 ya Macpherson, jaji aliyeichunguza kesi hiyo, ndo ikaweka maana ambayo sera za shule nyingi za Uingereza, na ya kwetu ikiwemo, zimeinakili: tukio la ubaguzi ni lile ambalo aliyetendewa au mtu mwingine yeyote analiona kuwa la ubaguzi. Mwalimu wa usalama akaifungua sera yetu wenyewe akamsomea. Haimaanishi mtu ameshahukumiwa. Inamaanisha tukio linaandikwa na kuchunguzwa kwa jina hilo kuanzia dakika ya kwanza, uthibitisho unakuja baada ya uchunguzi, siyo kabla. Sisi tulikuwa tumegeuza, tunasubiri uthibitisho ndo tuchunguze.

Jambo lingine lililomgusa mkuu wa shule ni sheria. Sheria ya Usawa ya 2010 haiingilii moja kwa moja mtoto anavyomfanyia mtoto mwenzake, lakini mwongozo wa wizara ya elimu unasema shule ikichukulia uonevu wa rangi kirahisi kuliko uonevu wa aina nyingine, shule yenyewe inaweza kuwa imebagua. Na sisi wiki hiyo hiyo tulikuwa tumemsimamisha mtoto mwingine kwa kumcheka mwenzake mwenye kifafa. Mkuu alikaa kimya muda mrefu.

Mkuu akaamua mambo manne. Ripoti ya zamani isifutwe, iongezewe, ili mtu akisoma aone tulianza kwa kukosea. Wale watatu wahojiwe kila mmoja peke yake na mtu ambaye siyo naibu. Mama aitwe, na safari hii awepo mkalimani wa kulipwa, siyo mimi, maana mimi nilishakuwa shahidi. Na adhabu ya K. ipelekwe bodi ya shule. Hapa wazazi msikilize: mtoto akisimamishwa shule England lazima mpewe taarifa na sababu kwa maandishi, na hata ikiwa ni siku mbili una haki ya kuandikia bodi na bodi lazima izingatie ulichoandika. Kwa siku chache hivyo haina uwezo wa kuifuta adhabu, ila inaweza kuamua maoni yake yawekwe kwenye faili la mtoto. Na akirudishwa nyumbani "apumzike kidogo" bila barua yoyote, hilo haliruhusiwi, hata ukibembelezwa kwa upole.

Kabla ya kikao nilimpigia mama K. mwenyewe, nikamwambia mama, lile neno nililokwambia nilikosea, na nikamweleza kilichokuwa kinafanyika kantini. Alilia. Alafu akasema kitu ambacho sikitoi kichwani, kwamba zile siku mbili alimnyima mtoto simu na alimsemea maneno makali kwamba anawaaibisha.

Matokeo

Wavulana wawili walikiri, wa tatu alikana mpaka alipoambiwa kuhusu klipu. Waliosimamishwa ni wawili, mwenye klipu siku zaidi. Wa tatu alikaa ndani ya shule kwenye chumba cha adhabu. Baba wa mmoja alikuja amevaa nguo za kazi, simenti bado iko kwenye viatu, alisikiliza mpaka mwisho akauliza huyo mtoto anakula sasa? Mzazi mwingine alisema hawa ni watoto tu, mnakuza mambo.

Mmoja wao alipoulizwa ile sauti umejifunza wapi akasema kwenye mpira. Na ni kweli, kuna picha maarufu ya John Barnes, mchezaji mweusi wa Liverpool, mwaka 1988 anaipiga ndizi kwa kisigino baada ya kurushiwa uwanjani, na baada ya fainali ya Euro pale Wembley tarehe 11 Julai 2021 wachezaji weusi wa England, Rashford, Sancho na Saka, walijaziwa emoji za nyani kwenye simu zao kisa wamekosa penati. Mwalimu wa historia alichukua hizo mbili akafanya nao vikao sita, dakika 40 kila kimoja, watatu tu na yeye, sauti imetoka wapi na nani aliianzisha na kwa faida ya nani. Hivyo vikao vilifanya kazi kuliko adhabu, nasema hivyo kwa kuwa nilikuwa kwenye viwili. Kwenye cha kwanza walikuwa wanatazamana wanabana kicheko. Kwenye cha tano mmoja aliuliza kwanini K. hakuwaambia waache, na mwalimu akamrudishia swali, ungekuwa wewe ungewaambia nini watu watatu?

Barua ya maoni ya bodi iko kwenye faili la K. Mwalimu wa michezo alimwomba K. radhi mwenyewe, uso kwa uso, bila kuambiwa. K. alikataa kukutana na wale wavulana na shule haikumlazimisha. Mashine ya kidole inaonyesha alianza kula tena wiki ya pili baada ya kikao.

Uchambuzi: kilichosaidia na kilichoharibika

Naanza na neno utani maana ndo linaloniuma.

Sisi utani tunaujua. Mpare na Mchaga, Mngoni na Mhehe, Msukuma na Mzaramo. Mtani wako anaweza kuja kwenye msiba akajilaza mbele ya jeneza anadai hela, na hakuna anayekasirika, kwasababu kesho akifiwa yeye na wewe utamfanyia vilevile, na kwasababu mtani huyo huyo ndo anayechota maji na kushika jembe. Utani una pande mbili, unajulikana na watu wazima wote waliopo, na una wajibu ndani yake. Sasa K. alikuwa na nini cha kuwarudishia wale watatu? Hakuna sauti ambayo angeitoa yeye wao wakajisikia alivyojisikia. Na nani kati yao angeshika jembe kwa ajili yake? Nilipomwambia mama ni utani nilichukua kitu chetu cha heshima nikakifunika juu ya uchafu, na mama akapokea kwa adabu zote za mtu anayejua kwamba utani haukasirikiwi. Siku hizi nikitafsiri banta nasema "maneno ya kejeli", alafu namuuliza mwalimu hapo hapo, maneno gani hasa? Mara nyingi hana jibu, na hilo tayari ni taarifa.

Kilichofuata kwa ubaya ni kwamba walioona kwanza ndo wasio na pa kusemea. Ubaguzi mashuleni hautokei mbele ya mwalimu mkuu, unatokea foleni, chooni, kwenye ngazi, getini, na hapo walipo ni sisi wa mishahara ya chini. Yule mama wa kantini alifanya zaidi ya walimu wote, na bado alidhani si kazi yake. Sasa pale kaunta kuna kadi za karatasi, mtu anaandika alichosikia neno kwa neno, na kila saa nane mtu wa ofisi anapita kuzikusanya na kuingiza kwenye sistimu. Ni kitu kidogo cha kijinga kabisa, gharama yake ni karatasi. Pia "jamani basi" haitoshi, kwasababu imezima kelele bila kuitaja kelele ni ya nini. Ningependa mtu aseme palepale, hiyo ni sauti ya kibaguzi na naiandika, alafu amgeukie mtoto aliyefanyiwa, siyo waliofanya, amuulize uko sawa? Kila mtu hukimbilia kwa wakosaji, mtoto mwenyewe anabaki amesimama na trei yake.

Kuna mambo shule iliyafanya kwa nia njema yakaharibika. Walimhamisha K. kundi la hesabu ili "kumlinda", akampoteza mwalimu pekee aliyekuwa anampenda. Mtoto alipoulizwa baadae alisema mbona nahama mimi? Ilichukua mwezi kumrudisha. Alafu lile kusanyiko la ukumbini. Watoto wote wa mwaka wake wa masomo wamekaa, picha ya ndizi ya Barnes kwenye skrini kubwa, na watoto 200 vichwa vinageuka taratibu kumtafuta K. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma yake, niliona masikio yake yanavyobadilika. Hakuna aliyemuuliza kabla. Yale yale mafundisho kwenye vikao vya watu watatu yalijenga, ukumbini yalimwanika.

Na kiboksi. Mkuu aliagiza ile fomu ya pili ipunguzwe iwe na maswali manne. Muhula uliofuata matukio yaliyotikiwa yaliongezeka, na kuna mjumbe wa bodi alishtuka akauliza ubaguzi umepanda? Haujapanda, umeanza kuandikwa. Mimi shule yenye sifuri kwenye ripoti yake inanitia hofu zaidi.

Kilichobaki wazi mpaka leo ni basi la kurudi nyumbani. Ni la kampuni, mtu mzima ni dereva peke yake na anaangalia barabara, na K. anasema ile sauti imesikika mara mbili tangu Januari, siyo kwa wale watatu, ni wengine. Shule imeiandikia kampuni, majibu bado. Kwa sasa mimi na yule mama wa kantini tunapanda basi hilo kwa zamu Jumatatu na Alhamisi, aliye zamu anashuka kituo kimoja na K.